Neno la Mhariri: Kodi, Kura na Klabu ya Mtaa

Marehemu mama yangu, ambaye hakumiliki hata tofali moja la nyumba alizokaa maisha yake yote, alizitunza stakabadhi zake za kodi ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, akauweka mkebe ule juu ya kabati, na akatukataza sisi watoto kuugusa. Na siku alipokuja mtu kumdai kodi ya mwezi ambao alikwisha kuulipia, aliushusha, akaikunjua karatasi moja mbele ya majirani waliokuwa wamekaa barazani, na mdai akaondoka bila ya neno. Nimeukumbuka mkebe ule mara nyingi wakati wa kulitayarisha toleo hili, kwani siasa, kabla haijawa hotuba na bendera, ni mambo yaliyomo ndani ya mikebe ya namna ile: kodi iliyopandishwa ghafla, paa linalovuja, choo kilichofurika, na swali la nani atakayemwendea mwenye taabu hizo ili apate kusikilizwa.

Nimependa kuuleta mbele ya msomaji mfano wa New York, mji ambao klabu za siasa za mitaani zimedumu humo kwa zaidi ya karne moja, na mema yake na taksiri zake zikaandikwa kwa urefu. Rai yangu, naitoa mapema ili msomaji aipime kadiri tunavyokwenda, ni kwamba klabu ya mtaa hupata nguvu kwa kusimama na mpangaji katika siku zisizokuwa za uchaguzi, na nguvu hiyo huoza pale mpangaji anapofanywa mdeni wa hisani badala ya kuwa mwenye haki.

Jumuiya iliyoitwa Tammany Hall, iliyokitawala chama cha Democratic cha mji huo kwa miaka mingi, iliijua vizuri sehemu ya kwanza ya rai hii. Mmoja wa wakuu wake, George Washington Plunkitt, ambaye mazungumzo yake yalikusanywa na mwandishi wa magazeti William Riordon na kuchapishwa mwaka 1905, alieleza kwamba kila aliposikia moto umeshika nyumba katika eneo lake, hata ikiwa ni usiku wa manane, alikwenda mbio, akawatafutia waliounguliwa malazi, nguo na chakula, bila ya kuwahoji sana. Mimi siubezi msaada huo. Mwanamke aliyesimama njiani na watoto wake katika baridi, nguo zake zote zimeteketea, haulizi dhamira ya mtu anayemtwika blanketi mabegani. Lakini bwana yuleyule alikiri, tena bila ya tahayuri, kwamba alitajirika kwa kununua ardhi ambayo alikwisha kunong'onezwa kuwa mji utaihitaji. Na waliounguliwa, kwa blanketi lao, walitoa kura zao mwaka baada ya mwaka, ilhali swali la kwa nini majumba yale yalijengwa yakabanana, yenye giza na yasiyokuwa na njia ya kuukimbia moto, lilibaki kuulizwa na watu wengine, mpaka sheria ya majumba ya kupanga ya mwaka 1901 ilipopatikana.

Sasa tuuangalie mtaa mmoja, Greenwich Village, ambako Carmine De Sapio, mkuu wa Tammany tangu mwaka 1949, alikuwa na maskani yake. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1956, watu waliokuwa wamejitolea kumfanyia kampeni Adlai Stevenson, aliyeshindwa katika kuugombea urais wa Marekani, hawakukubali kutawanyika. Waliunda klabu yao, wakaiita Village Independent Democrats, na wakaanza kufanya kazi ambayo huwachosha wengi: kugonga mlango mmoja baada ya mwingine, kukutana na kubishana hadi usiku, na kuyapeleka malalamiko ya watu kwa wahusika. Wakati huohuo mtaa ulikuwa katika mgogoro mwingine. Robert Moses, aliyekuwa na mamlaka juu ya barabara na bustani za mji kuliko mtu yeyote, alitaka kupitisha barabara ya magari katikati ya bustani ya Washington Square. Mama mmoja wa watoto wanne, Shirley Hayes, alianza kumpinga mwaka 1952, na wenzake wakamwunga mkono, na Moses akawadharau kwa kusema kuwa wanaompinga ni akina mama tu. Naam, walikuwa akina mama, na ni wao waliojua bustani ile ilikuwa na maana gani kwa mtoto anayekaa ghorofani katika chumba kisichokuwa na ua. Novemba 1958 bustani ilifungwa isipitiwe na magari, na katika sherehe ya siku hiyo utepe haukukatwa kama ilivyo desturi, bali ulifungwa.

Jambo ambalo ningependa lisimpite msomaji ni kwamba De Sapio mwenyewe aliwaunga mkono akina mama wale. Hakuwa mtu wa kusukumwa na mashairi ya miti na watoto. Alikuwa bingwa wa kuhesabu kura, na alikwisha kuona kwamba mtaa wake una watu wanaoweza kuhesabiwa upande wa pili. Hata hivyo hakunusurika. Mwaka 1961, katika kura ya mchujo, alishindwa na James Lanigan wa klabu mpya. Mwaka 1963 alirudi tena, akapambana na mwanasheria kijana, Edward Koch, naye akashindwa kwa kura 41. Akaenda mahakamani, uchaguzi ukarudiwa mwaka 1964, akashindwa kwa kura 164. Kura 41! Jengo moja la ghorofa tano lingeweza kuwatosha wapiga kura hao wote na vyumba vikabaki. Ndiyo maana sikubaliani kabisa na wale wanaosema kuwa kazi ya kumfuatilia bibi kizee mmoja ambaye mfereji wake wa maji umekatika si siasa.

Mwaka huohuo wa 1961 serikali ya mji ilitangaza kuwa majengo ya sehemu ya magharibi ya mtaa, eneo la vitalu 14, yachunguzwe ili ithibitike kwamba yamechakaa na yastahili kubomolewa. Jane Jacobs, mwandishi aliyekaa katika nyumba namba 555 ya mtaa wa Hudson, na ambaye kitabu chake mashuhuri juu ya uhai na mauti ya miji ya Marekani kilitoka mwaka huohuo, aliungana na majirani zake. Walipita nyumba hadi nyumba wakihesabu jamaa na maduka, ili waikanushe hoja ya uchakavu kwa takwimu za wenyewe. Na walipohudhuria kikao cha hadhara walivaa miwani ya jua iliyobandikwa alama nyeupe ya X, ile alama ya nyumba iliyokwisha kuhukumiwa. Msomaji wa Dar es Salaam ambaye aliwahi kuamka asubuhi akaikuta X nyekundu ukutani mwake hahitaji kufafanuliwa maana ya miwani ile. Mpango ulifutwa mwanzoni mwa mwaka 1962. Wakazi hawakuridhika na kukataa tu. Walichora mpango wao wa majengo ya kima cha wastani, ambayo hayangemwondoa mkazi hata mmoja, wakaupigania kwa zaidi ya miaka kumi, na nyumba 420 zikasimama katikati ya miaka ya 1970.

Hapa ningeweza kuishia, na hadithi ikawa nzuri. Lakini haitakuwa insafu kumficha msomaji yaliyofuata. Mwaka 1969 mtaa uliwekwa chini ya hifadhi ya majengo ya kihistoria, kuta zikalindwa zisiguswe. Na ndani ya kuta hizo zilizolindwa bei ilipanda, na leo Greenwich Village ni miongoni mwa mitaa ghali kabisa ya mji ule. Makuli wa bandarini na mafundi waliokuwa wakipishana na Jacobs mlangoni wasingeweza kulipa kodi ya chumba kimoja pale. Tofali lilipata mlinzi aliye imara kuliko mtu aliyelala nyuma yake. Sisemi kwamba walioshinda walikosea kupigana. Nasema kwamba vita vya ubomoaji vina siku yake na kelele yake, ilhali kodi inayopanda kidogo kidogo humwondoa mtu kimya kimya, na jirani hajui ila anapoona godoro limefungwa kamba juu ya gari.

Juu ya hilo la pili New York haikukosa watu. Udhibiti wa kodi ulioingia mwaka 1943, wakati wa vita, haukuachwa kufa. Mfumo mwingine uliongezwa mwaka 1969. Na wenye majumba walipokwisha kuutoboa matundu mengi, vyama vya wapangaji vilivyojipenyeza katika chaguzi za mchujo, vikiwaangusha wawakilishi waliokuwa upande wa wenye majumba, vilipata sheria kali zaidi mwezi Juni 2019. Kabla ya hapo, mwaka 2017, vilikwisha kupata jambo ambalo kwangu mimi ni kubwa kuliko bustani na barabara zote nilizozitaja: mpangaji mwenye kipato kidogo anayeshtakiwa ili afukuzwe nyumbani apewe wakili bila ya malipo. Huko nyuma mwenye nyumba aghalabu alifika mahakamani na wakili wake, na mpangaji akafika na watoto. Kesi ikazungumzwa ukumbini, nje ya mlango wa hakimu, kwa dakika chache, na mpangaji akatia sahihi karatasi ambayo hakuielewa.

Makala zinazofuata katika toleo hili zimeandikwa na watu wanaoijua kodi kwa kuilipa. Mmoja wao, alipotuletea kazi yake ofisini, alikuja pia na stakabadhi zake, zimefungwa kwa mpira, na akatuomba tuzisome kwanza kabla ya makala. Tulizisoma.