MKONO UNAOKUFA NUSU SAA



Kwa miezi kadhaa sasa afisi ya chama imeletewa barua za namna moja kutoka matawi mbalimbali, na tumeona haifai kuzijibu moja moja, kana kwamba kila mwenye barua ana shida yake peke yake. Mmoja asema mkono wa kulia ulimfia akiwa kazini, akashindwa hata kushika kikombe cha chai, na baada ya dakika ishirini ukarudi kama kwamba hapakuwa na neno. Mwingine asema jicho moja lilizimika, mfano wa pazia lililoshushwa, akakaa chini ya mti mpaka nuru ikarudi. Wa tatu alitaka kumwita mwenzake kwa redio ya mkononi, maneno yakatoka yamekorogeka, naye ajisikia kabisa kwamba yamekorogeka wala hana la kufanya. Wote wamekwenda kwa daktari. Wote wameambiwa hawana ugonjwa, ama wametajiwa ugonjwa mwingine kila walipokwenda. Na wote watatu wamemaliza barua kwa ombi lile lile: tafadhali msimwambie nyapara.

Ombi hilo ndilo lililotufanya tuandike.

Kwanza tueleze jambo lenyewe, maana wengi wetu hatukufundishwa haya shuleni. Ubongo huishi kwa damu. Donge la damu likikwama katika mshipa wa ubongo, sehemu ile hunyimwa chakula chake, na kiungo kinachotawaliwa nayo huacha kazi: mkono, mguu, upande mmoja wa uso, ulimi, jicho. Donge likikaa, hicho ni kiharusi kamili, na mtu hupooza au hufa. Likiyeyuka upesi, kiungo hurudi. Madaktari huiita hali hii kiharusi cha kupita, na watu mtaani huiita kiharusi kidogo. Jina hilo la "kidogo" limewadanganya wengi. Mara nyingi huisha kabla ya saa moja kutimia, na kwa kawaida hakiumi. Mtu akiumwa jino hukimbilia hospitali usiku wa manane, lakini huyu ambaye ubongo wake umenyimwa damu arudi kazini, kwa kuwa haumwi.

Basi sikilizeni hesabu. Katika watu waliopatwa na kiharusi cha kupita wasitibiwe upesi, karibu mmoja kati ya kumi hupatwa na kiharusi kamili ndani ya siku 90, na wengi wa hao hupatwa katika siku mbili za kwanza. Mwaka 2007 madaktari wa Oxford huko Uingereza, wakiongozwa na Peter Rothwell, walitangaza matokeo ya kazi yao: walipoacha kuwapanga wagonjwa hawa kwenye foleni ya majuma, wakaanza kuwaona na kuwapa dawa upesi, hatari ile ilishuka kwa asilimia 80. Wala dawa zenyewe hazikuwa za ajabu. Zilikuwa ni aspirini na jamaa zake, dawa za presha, na dawa za kupunguza mafuta katika damu, ambazo hata huku kwetu zinauzwa. Kilichookoa watu ni kutopoteza siku.

Na hapo ndipo sisi tunapopoteza. Tueleze habari za ndugu yetu mmoja, shanta, mwenye miaka arubaini na mmoja, ambaye ametupa ruhusa tuseme habari zake bila jina wala stesheni. Alikuwa zamu ya usiku, akiunganisha mabehewa. Mkono wa kulia ukalegea, taa ikaanguka. Alipojaribu kumwambia mwenzake asimamishe injini, ulimi ukawa mzito. Mungu ni mwema, mwenzake aliona taa imeanguka akasimamisha. Msimamizi alipofika alimnusa mdomo. Hakukuta pombe, hata hivyo akaandika katika kitabu kwamba mtu huyu alionekana kama mlevi. Baada ya robo saa shanta wetu alikuwa mzima, akamaliza zamu.

Dispensari walimpa dawa ya malaria. Ilipomjia mara ya pili, daktari alisema ni uchovu wa kazi ya usiku. Mara ya tatu akaambiwa ni mawazo, aende nyumbani apumzike, kama kwamba mtu mwenye watoto watano na nyumba ya kupanga apumzika kwa kuambiwa. Akatafuta fedha mwenyewe, akapigwa picha ya kichwa ya CT, ikatoka safi. Akafurahi siku mbili. Siku ya tatu mkono ukafa tena. Watu wa nyumbani kwao wakaanza kusema kuna mkono wa mtu, akapelekwa kwa mganga, mbuzi akaenda. Hatuwacheki. Mtu aliyeambiwa na wasomi wanne kwamba hana kitu, na mkono wake hausikii, atasikiliza yeyote asemaye kwamba kitu kipo.

Miezi minane imepita. Mke wake, ambaye twamheshimu sana kwa akili yake, alinunua daftari la shule, akawa anaandika kila tukio: tarehe, saa, upande gani, lilianza ghafula au polepole, lilichukua dakika ngapi, alikuwa amekula au hajala, kichwa kiliuma baadaye au hapana. Daktari wa tano alilisoma daftari lile ukurasa kwa ukurasa. Huyo ndiye wa kwanza ambaye hakusema mawazo. Alisema: inawezekana ni kiharusi cha kupita, sina hakika bado, lakini nitakutibu kama kwamba ndicho mpaka vipimo vinionyeshe lingine. Presha yake ilikuwa juu, wala hakuna aliyempima katika safari mbili za kwanza. Mpaka leo tunapoandika hana jina kamili la ugonjwa wake. Yuko na dawa na daftari, na angoja kipimo cha moyo.

Hatutaki kuwa wakali kwa madaktari bila haki. Ugonjwa huu ni mgumu kuukamata, maana mgonjwa hufika amekwisha pona. Picha ya CT yaweza kuwa safi kabisa na bado mtu akawa alipatwa. Kazi yake kubwa ni kuonyesha kama damu imevuja au kama kuna uvimbe. Picha ya sumaku, iitwayo MRI, huona zaidi, hasa ikipigwa katika siku za mwanzo. Tena yafaa mishipa ya shingo ipimwe, na moyo usikilizwe kwa siku nzima au zaidi, kwa kuwa moyo unaopiga pasipo mpango waweza kutupa madonge ya damu, na kesho yake ukapiga sawasawa mbele ya daktari. Halafu kuna magonjwa mengine yanayofanana. Kipandauso chaweza kufanya mkono ufe ganzi, ila mara nyingi huja polepole, hutambaa kutoka vidoleni kwenda juu, na mtu huona mimeto machoni. Kifafa cha upande mmoja hurusha kiungo. Sukari ikishuka mno, mtu huongea ovyo kama mlevi. Daktari asemaye "bado sijui" hatumlaumu. Twamlaumu asemaye "huna kitu" na kumrudisha mtu katikati ya mabehewa.

Sasa twaja kwa jambo letu sisi, la chama.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, yasema mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini ana haki, katika kila miezi 12, ya siku zisizopungua saba za ugonjwa kwa mshahara kamili, na saba nyingine kwa nusu mshahara, akileta cheti cha daktari. Jumla siku kumi na nne. Shanta wetu ametafuta jina la ugonjwa wake kwa miezi minane. Tena ugonjwa wake haujaandikika. Siku alizokwenda hospitali akarudi bila jina la ugonjwa, ziliandikwa katika kitabu cha zamu kuwa ni utoro. Alipoondolewa usiku alipoteza posho ya usiku, ambayo ndiyo ilikuwa ikilipa karo. Ndipo mwaona kwa nini watu hutuandikia wakisema msimwambie nyapara. Watu hao si wajinga. Wamepiga hesabu.

Lakini twataka kusema wazi jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Katika mkutano wa kamati, ndugu wawili walisema chama kimtetee dereva abaki kwenye injini mpaka ithibitishwe kwamba ni mgonjwa. Hatukubali. Treni ya abiria kati ya Mombasa na Nairobi kwa njia mpya hukimbia mpaka kilomita 120 kwa saa. Dakika kumi za mkono uliokufa na macho yaliyozimika ni kilomita 20. Kule Uingereza dereva wa gari dogo aliyepata kiharusi cha kupita huzuiwa kuendesha mwezi mmoja, na dereva wa lori kubwa au basi huzuiwa mwaka mzima. Hawakuweka kanuni hiyo kwa kuwachukia madereva. Na shanta akilegea mkono kati ya mabehewa mawili hahitaji kanuni ya Uingereza kumweleza. Sisi tumezika wenzetu waliobanwa na bafa, twajua.

Basi mtu mwenye dalili hizi na aondoke kwenye injini, kwenye pointi, juu ya ngazi na kati ya mabehewa, siku hiyo hiyo. Jambo hilo twakubaliana na wakubwa wa kazi. Tusilokubaliana nao ni nani alipe. Leo alipaye ni mgonjwa peke yake. Akisema kweli apoteza posho, na pengine kazi. Akinyamaza ahatarisha roho yake na za abiria. Mwajiri anayemwadhibu msema kweli asishangae akiendeshewa treni na watu wanaoficha.

Kwa hiyo katika mazungumzo ya mapatano mapya ya mishahara tutaweka mezani mambo haya. Mtu anayechunguzwa kwa dalili za kiharusi apewe kazi nyepesi ya mchana kwa mshahara wake na wastani wa posho zake, mpaka daktari aandike neno, hata kama uchunguzi wachukua miezi. Siku za vipimo zihesabiwe kuwa siku za kazi, na karatasi ya miadi ya hospitali itoshe kuwa ushahidi. Picha na vipimo vya moyo ambavyo bima haikulipa, mwajiri alipe. Sisi sote twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya ya jamii tangu Oktoba 2024. Hatudhani ni makosa kuuliza inalipa nini. Na kila loko shedi, karakana na stesheni kubwa iwe na mashine ya presha na mtu ajuaye kuitumia. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne wa Kenya ana presha ya juu, na wengi hawajapimwa hata mara moja. Mashine yenyewe bei yake ni ndogo kuliko tairi moja la gari la meneja.

Mapatano hayaji kesho, kwa hiyo yako ya kufanya leo. Ukiona uso wa mwenzako umeshuka upande mmoja, au mkono hauinuki, au maneno hayaendi, usimlaze kwenye kivuli ungoje apone. Mpeleke hospitali kubwa yenye picha ya CT, mara moja, hata kama amepona njiani. Angalia saa, uandike dalili zilianza lini, maana dawa ya kuyeyusha donge hutolewa ndani ya saa nne na nusu tu tangu dalili kuanza. Usimpe aspirini mwenyewe kabla daktari hajajua kama damu haivuji ndani ya kichwa. Wake zetu na waume zetu nyumbani waambiwe haya pia, kwani wengi hupatwa alfajiri kitandani. Na mwenye dalili zisizo na jina na aweke daftari kama la yule mama. Chama kitayatoa bure kwa atakayehitaji. Tumenunua mia moja.

Akiitwa mtu afisini kuambiwa kwamba hafai kazi kwa sababu ya mwili wake, asiende peke yake. Kifungu cha 41 cha sheria ile ile chamtaka mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanya kazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, nao wasikilizwe kabla ya uamuzi. Usitie sahihi karatasi yoyote siku hiyo. Omba nakala, uje nayo.

Wale watatu waliotuandikia tumewajibu kwa barua, na majina yao hayatatoka afisini. Shanta wetu atafungwa mashine ya kusikiliza moyo Jumanne ijayo. Mwenzake wa zamu amekubali kwenda naye, na tawi limelipa nauli ya wote wawili. Wengine wenye dalili kama hizi waandike kwa Katibu wa tawi lao kabla ya mwisho wa mwezi, waseme kazi wanayofanya, miaka yao, wamepimwa nini na wamelipa kiasi gani. Twataka kuingia katika mazungumzo na karatasi hizo mkononi.

Mhariri.