Wifi ya lupango: kabla ya kulipa zaidi, hamisheni modemu

Mjini Lubumbashi, wapangaji wa lupango moja mara nyingi wanachanga pesa ya intaneti. Modemu inawekwa sebuleni kwa mwenye nyumba, chini, nyuma ya televisheni. Huko watu wanaangalia video bila shida. Katika nyumba ya nyuma, mwanafunzi anatoka nje usiku, simu mkononi, akitafuta mtandao. Mwisho wa mwezi wote wanalipa sawa.

Wengi wanadhani dawa ni kununua kasi kubwa zaidi. Huko ni kutupa pesa. Kasi inayonunuliwa inafika kwenye modemu. Kutoka hapo, mawimbi yanapaswa kupenya kuta za matofali, milango ya chuma na mabati, na kila kizuizi kinayapunguza nguvu.

Modemu iwekwe juu, katikati, mbali na chuma. Simu zilizo mbali zitumie mawimbi ya 2.4 GHz, yanayopita ukuta vizuri kuliko ya 5 GHz. Ikiwa bado haitoshi, wavute waya hadi nyumba ya nyuma na kuweka kifaa cha pili.

Muuzaji naye apime kila chumba kabla ya kupokea pesa. Anayelipa sawa apate sawa.