Kamera Haina Sikio

Wako watu wasemao ya kwamba kupiga picha si sanaa. "Mashine hufanya kazi yote," husema, "mtu hubonyeza tu." Na kijana apendaye picha akionekana akijifunza nota, humcheka, eti apoteza wakati, maana picha huonekana, haisikiki. Sisi twayakataa maneno haya yote mawili.

Na watueleze basi habari za Ansel Adams wa Marekani. Alizaliwa San Francisco mwaka 1902, akaanza kujifunza piano mwaka 1914. Mwaka 1916 alipata kamera yake ya kwanza, lakini nia yake ilikuwa kuwa mpiga piano, hata mwaka 1930 alipochagua picha. Je, miaka ile ilipotea? Hata kidogo. Mwalimu wa muziki haachilii kosa lipite. Humrudisha mwanafunzi mwanzo mara kumi, mara ishirini, mpaka vidole vitii. Utaratibu huo Adams aliuingiza katika chumba cha giza. Alifundisha ya kwamba filamu ni kama nota zilizoandikwa na mtungaji, na kuisafisha picha ni kama kuzipiga nota hizo mbele ya watu. Mwaka 1941 alipiga picha ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico. Kwa filamu ileile moja alitoa nakala mamia. Katika zile za kwanza anga lina weupe wa mawingu, katika za baadaye ni jeusi sana. Filamu ni ile ile. Ni nini kilichobadilika, ila moyo na mkono wa mwenyewe?

Mtazameni na Alfred Stieglitz, Mmarekani mwingine. Mwandishi mmoja alidai ya kwamba nguvu ya picha zake yatoka katika kuzitawala akili za watu awapigao. Stieglitz hakujibu kwa matusi. Mwaka 1922 aliielekeza kamera juu, akapiga mawingu huko Lake George, akazipanga picha kumi na kuziita "Muziki". Nani awezaye kulitawala wingu? Tena alitamani mtungaji Ernest Bloch azione, akiri ya kwamba mna muziki ndani yake. Hakutosheka na sifa za wapiga picha wenzake. Alijipima kwa kipimo cha watungaji. Huko ndiko kutamani makuu kwa halali.

Watajibu, "Wako wapiga picha hodari wasiojua nota hata moja." Ni kweli, wala hatusemi ya kwamba muziki ndio mlango pekee. Twasema hivi: mtu asiyejifunza popote kusikiliza, kurudia na kusahihishwa, kamera ya bei kubwa haitamfundisha. Siku hizi hata simu hupiga picha, nazo picha zimekuwa nyingi kama mchanga. Lakini zile zinazotazamwa mara ya pili ni chache.

Kwa hiyo, enyi wazazi, msimtoe kijana katika mazoezi ya kwaya kwa kuwa amepata kamera. Nanyi vijana, msikimbie kinanda. Talanta haiongezeki kwa kununua vyombo, bali kwa kufanyiwa kazi.