JINA LA ZAO NI MALI



Kila msimu twanung'unikia bei ya karafuu. Leo tuwatazame wakulima wenzetu wa wilaya ya Clanwilliam, Afrika ya Kusini, chini ya milima ya Cederberg. Ardhi yao ni ya mchanga, na mvua huwafikia wakati wa baridi. Huko huota kijiti kiitwacho rooibos, ambacho majani yake hufanywa chai nyekundu.

Wakhoi na Wasan, wenyeji wa asili, ndio walioijua kwanza. Karibu ya mwaka 1930 Dokta Nortier, tabibu wa mji huo, alipata njia ya kuotesha mbegu zake, na mashamba yakaenea. Baada ya Vita Vikuu vya Pili bei ilianguka, hata mwaka 1954 ikaundwa bodi ya kusimamia mauzo. Bodi hiyo haipo tena, lakini jina limelindwa. Mwaka 2019 ulikubaliwa mkataba wa kuwapa wenyeji 1.5 kwa mia ya bei ya shambani. Na mwaka 2021 Umoja wa Ulaya uliliandikisha jina la rooibos kuwa la sehemu hizo tu.

Nasi je? Jina halilindwi kwa maneno. Anayechanganya karafuu na makonyo hulivunja jina letu sote. Twaona yafaa kila mwanachama aandikishe shamba lake, na karafuu chafu isipokewe. Mali bila daftari hupotea bila habari.