Kalemie: Ni ville gani hasa tunaililia?

Ukipita leo kwenye avenue Lumumba, upande wa gare, hautakosa kumsikia mzee mmoja akisema: "Ville haiko tena sawa zamani." Vijana wanamcheka. Wao wanahesabu maofisi yaliyoongezeka tangu Kalemie iwe makao makuu ya jimbo la Tanganyika mwaka 2015.

Tujiulize basi: ile ville ya zamani ilikuwa inaishi na nini? Na mizigo. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Ile ya Kabalo ikafika hapa, wakati ule Albertville, mwaka 1915. Katikati ya hizo mbili kulibaki ziwa tu. Ndiyo sababu bandari, gare na maduka vilipangwa kando ya maji. Kila mfuko ulioshuka ku meli ulikuwa na mtu wa kuubeba, mtu wa kuuandika, na mama wa kuwapikia hao wawili. Halafu kulikuwa Filtisaf, na nguo zake. Kiwanda kilipokufa, mishahara ilikufa pamoja nacho, kuta zikabaki.

Kwa hiyo rangi mpya ya ofisi haiwezi kurudisha ville ile. Ofisi inaita watu asubuhi na kuwaaga mchana. Bandari ilikuwa inaamsha mutaa mzima.

Lakini kuna jambo ambalo sikubaliani na wazee wetu. Wanataka ufuko urudi namna ulivyokuwa, nyumba zimejipanga mpaka ku maji. Mwaka 2024 ziwa lilipanda kiasi ambacho wengi wetu hatujawahi kuona. Si mara ya kwanza: mwaka 1964 pia lilipanda sana, baada ya miaka ya mvua kubwa. Ziwa Tanganyika liko na mlango mmoja tu wa kutokea, Lukuga, na mlango huo uko hapa kwetu. Ukibanwa na mchanga, hata Uvira na Bujumbura wanalowa.

Wabelgiji walipanga mstari ule kwa ajili ya meli na mabehewa. Bandari haiwezi kuhama, hilo tunaelewa. Duka na ofisi ya serikali zinaweza kupanda kidogo mlimani. Na wewe unayeuziwa leo parcelle kando ya ziwa, usiulize bei kwanza. Uliza maji ya 2024 yalifika wapi. Majirani watakuonyesha ku ukuta.