Mzazi, Kazi Haijaishia Stendi

Kila ikifika Oktoba na Novemba, mabasi yanayoingia Kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis hushusha vijana wenye mabegi mapya, ndoo, godoro lililofungwa kamba na bahasha ya vyeti iliyobanwa kwapani. Dodoma, Morogoro, Mwanza, Mbeya na Iringa hali ni hiyohiyo. Nyuma ya kila kijana yuko mzazi au mlezi aliyeuza magunia ya mahindi, aliyekopa kikoba, aliyezunguka kwa ndugu kuomba nauli na ada. Akishampungia mtoto mkono stendi, hupumua: nimemfikisha, yaliyobaki ni ya chuo.

Ndugu mzazi, yaliyobaki si ya chuo peke yake. Chuo kina ofisi za kumsaidia mwanao akikwama, lakini ofisi hizo haziendi kumgongea mlango chumbani. Humngoja aje. Naye mara nyingi haji, kwa kuwa hazijui, anaona aibu, au anadhani kwenda kule ni kujishtaki. Wito wangu kwako ni huu: wewe na mwanao zijueni ofisi hizo mapema, kabla ya siku ya shida.

Zamani jambo hili lilikuwa rahisi. Chuo cha Dar es Salaam kilipofungua milango tarehe 25 Oktoba 1961, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi wachache wa sheria tu. Mwalimu aliwajua kwa majina, na mmoja asipoonekana darasani, alitafutwa. Leo kampasi yake ya Mlimani pekee ina makumi ya maelfu ya wanafunzi, na vyuo vikuu vimeenea nchi nzima. Hosteli za Magufuli zilizofunguliwa Aprili 2017 zina nafasi 3,840, nazo zilipunguza adha kubwa, ila bado maelfu wanapanga Sinza, Mabibo, Makongo na Changanyikeni. Kijana anaweza kulala njaa chumbani kwake juma zima pasipo mwalimu yeyote kujua. Katika umati wa namna hiyo, anayesaidiwa haraka ni yule anayejua pa kubisha hodi.

Mlango wa kwanza ni wa mlezi wa wanafunzi, ambaye wengi humwita dini, kutokana na neno la Kiingereza dean. Wapo wanaodhani kazi yake ni kusikiliza kesi za utovu wa nidhamu. Ukweli ni kwamba mambo mengi yanayomhusu mwanafunzi nje ya darasa huanzia kwake: malazi, ugonjwa, msiba nyumbani, ugomvi na mwenye nyumba, ukosefu wa chakula, msongo wa mawazo. Asipoweza kulimaliza jambo mwenyewe, anajua ofisi ya kulipeleka, na barua yake hufungua milango ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hajui hata kama ipo. Mzazi aliyetoka mkoani kwa dharura naye aanzie hapohapo, badala ya kuzunguka majengo na kuuliza walinzi.

Mlango wa pili ni dawati la mikopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Tangu hapo, neno bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, limekuwa sehemu ya maisha ya chuo. Fedha ya chakula na malazi, iliyopandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23, huja kwa mkupuo, ya wiki nyingi kwa pamoja. Kijana ambaye hajawahi kushika hata laki moja yake mwenyewe hujikuta ana laki kadhaa kwenye simu. Wiki ya kwanza ni kuku na viatu. Wiki ya sita ni pasi ndefu, mlo mmoja wa saa kumi jioni unaobeba asubuhi, mchana na usiku. Hapa mzazi ana kazi ambayo Bodi haiwezi kuifanya: kukaa na mwanawe kabla hajaondoka, wachukue karatasi, wagawanye hela ya kodi, ya chakula, ya kudurufu vitini na ya akiba, kisha wakubaliane.

Tena yapo mambo ya mkopo yanayokwama kwa karatasi zilizoko nyumbani. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, au na wakala wa usajili wa matukio ya kijamii kwa waliozaliwa Zanzibar. Aliyefiwa na mzazi anahitaji cheti cha kifo, kwa kuwa Bodi haisomi kaburi. Kaya iliyomo katika mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini iseme hivyo na ioneshe ushahidi, maana ni moja ya vigezo vya kutambua mhitaji. Halafu kuna majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Abdallah, cha kidato cha nne kinasema Abdalah, na kitambulisho cha taifa kimeongeza jina la babu. Herufi moja inaweza kumweka kijana kwenye foleni miezi miwili huku wenzake wakisaini. Kijana aliye chuoni hawezi kurekebisha jambo hilo bila wewe uliyebaki na sanduku la nyaraka. Lifungue sasa, linganisha majina herufi kwa herufi, na kama yanatofautiana, nendeni kwa wakili au hakimu mkaandikishe kiapo mapema. Aliyekosa mkopo au aliyepata pungufu naye ajue kuwa lipo dirisha la rufaa, na kwamba hufungwa tarehe ikifika, mtu awe amelia au hajalia.

Jambo la tatu ndilo linalonisukuma hasa kuandika, kwa sababu hasara yake ni kubwa na kinga yake ni rahisi. Mwanafunzi anaugua, au mama yake analazwa, au ada imekosekana. Anafunga begi kimyakimya na kurudi kijijini, akiwaza atarudi hali ikitulia. Chuoni jina lake linaitwa kwenye mtihani, hayupo. Hakuna barua wala cheti cha daktari. Kwa kanuni za chuo huyo ameacha masomo mwenyewe. Akirudi mwaka unaofuata anakuta hana namba, hana mkopo, hana nafasi. Kumbe ipo njia halali: kuahirisha masomo. Mwanafunzi huandika barua yenye sababu, huambatisha ushahidi, hupitia kwa mkuu wa idara na mlezi wa wanafunzi, na chuo kikimkubalia kwa maandishi nafasi yake inabaki. Dawati la mikopo nalo huarifiwa, ili fedha zisimamishwe na baadaye zirejeshwe kwa utaratibu. Tofauti ya kijana aliyepoteza mwaka mmoja na aliyepoteza chuo kizima inaweza kuwa barua ya ukurasa mmoja. Kwa hiyo, mtoto akikupigia na kusema anarudi nyumbani, kabla hujamtumia nauli muulize: umeandika barua, na umejibiwa?

Masomo yenyewe yana msaada wake. Wengi waliofika chuo kikuu walikuwa vinara wa shule zao, na sapu ya kwanza, yaani mtihani wa marudio, huwapiga kama radi. Aliyezoea kuitwa kichwa anaona bora afe kuliko kusema hajaelewa. Lakini wahadhiri wengi wana saa za kuonana na wanafunzi, na katika vyuo vingi kila mwanafunzi hupangiwa mshauri wa kitaaluma. Maktaba nazo zina wakutubi ambao kazi yao ni kuelekeza. Ile mpya ya Mlimani, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2018, isigeuzwe mahali pa kuchajia simu na kupigia picha. Aliyepata sapu aende kwa mwalimu wa somo wiki hiyohiyo, aulize alipokosea, ajiunge na kikundi cha kusoma. Wanaodisko, yaani wanaoondolewa chuoni kwa kufeli, mara nyingi walikuwa na muda wa kujiokoa, wakautumia kuficha matokeo.

Upande wa afya, bima ya wanafunzi kupitia NHIF, ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, si ya kukwepwa ili hela inunue simu. Usiku wa homa kali ndipo thamani yake inapoonekana. Na afya si malaria pekee. Vyuo vina watoa ushauri nasaha, na mazungumzo yao ni siri. Katika familia zetu bado tunadhani anayehitaji ushauri amechanganyikiwa, au imani yake imepungua. Sala na dua zina nafasi yake, mshauri naye ana yake. Binti asiyelala, kijana aliyeacha kula, mwenye kusema amechoka na maisha, huyo apelekwe kwa mshauri leo, na mzazi asimjibu kwa kusema enzi zetu tulivumilia.

Wenye ulemavu nao wana haki yao. Mwanafunzi asiyeona, kiziwi, au anayetumia kiti cha magurudumu ajitambulishe kwenye kitengo cha mahitaji maalumu siku za usajili, ili apangiwe chumba cha chini, mkalimani wa lugha ya alama, maandishi ya nukta nundu au muda wa ziada kwenye mtihani. Akingoja wiki ya mtihani, hata mtumishi mwenye moyo mwema atashindwa kumsaidia.

Liko na jambo ambalo nyumbani hatulisemi kwa sauti. Mhadhiri akimtaka binti kimapenzi ili ampe maksi, hiyo ni rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitaja waziwazi. Dawati la jinsia la chuo lipo kwa ajili hiyo, na TAKUKURU hupigiwa bure kwa namba 113. Mwanao, awe wa kike au wa kiume, asikie kutoka kinywani mwako kwamba likimkuta atakuambia na wewe utamwamini. Asipolisikia kwako, yule mhadhiri atamwambia hakuna atakayemwamini, naye atakubali.

Wazazi wengine hulalamika kwamba walipiga simu chuoni kuulizia matokeo wakakataliwa. Msikasirike. Aliyetimiza miaka 18 ni mtu mzima kisheria, na taarifa zake zinalindwa. Chuo hakitakupa kadi ya maendeleo kama ile ya sekondari. Njia yako ni mwanao mwenyewe. Ukipiga simu mara moja kwa mwezi kuuliza kama amefaulu, utajibiwa kila mara kwamba chuo kinaendelea vizuri. Uliza mengine: umekula nini leo, unalala na nani chumbani, somo gani linakusumbua, ulishawahi kufika kwa mlezi wa wanafunzi? Na akikuambia amefeli, nyamaza kwanza. Maneno yako ya dakika ile ndiyo yatakayoamua kama atakuambia tena.

Kwa viongozi wa vyuo, nina ombi la heshima. Maelekezo ya kujiunga mnayowatumia wanafunzi mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, kurasa kwa kurasa, na yule mlipa ada aliyeko Kasulu, Newala au Makete hawezi kuyasoma. Ongezeni ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa mzazi: ofisi zipi zinasaidia, ziko jengo gani, namba gani ya simu inapokelewa, tarehe zipi hazisogei. Wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya isiwe ya hotuba tu. Waongozeni vijana kwa miguu hadi milangoni, wamwone mtoa ushauri kwa macho, wajue uso wake. Mtumishi wa dirishani naye akumbushwe kwamba mwanafunzi aliyefokewa mara ya kwanza hatarudi mara ya pili.

Kwenu serikali za wanafunzi, mliochaguliwa kwa mabango na nyimbo: mwaka wa kwanza ndio wenye kuhitaji zaidi na wenye kusema kidogo zaidi. Kila bweni na kila mtaa wenye wapangaji uwe na mwakilishi anayejua nani ameamka na nani hajaonekana siku mbili. Nanyi mliohitimu, mliobebana kitanda kimoja watu wawili na mkafika salama, mpigieni simu kijana wa kijijini kwenu aliyeko chuoni na mwambieni yale mliyojifunza kwa kuumia.

Ndugu mzazi, huna haja ya digrii kufanya haya. Wiki hii mwombe mwanao akutumie majina ya ofisi tatu na namba zake: mlezi wa wanafunzi, dawati la mikopo na zahanati ya chuo. Ziandike kwenye daftari, usiziache kwenye simu inayoweza kuibiwa. Kisha mwambie aende akajitambulishe kwa mlezi wa wanafunzi wakati hana shida yoyote, asalimie, aulize wanafungua saa ngapi, arudi zake. Siku shida ikija, ataingia ofisi anayoijua.