Mikono Yenye Maji na Batani za Simu

Mwezi huu tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho wengi wetu tunakiona cha kizamani: batani za simu.

Usiku mmoja hapa Guta niligongewa mlango na kijana aliyekuwa akitweta. Shemeji yake alikuwa ameshikwa na uchungu, na damu ilikuwa inamtoka. Nilipofika nilimkuta mama mkwe ameshika simu ya tachi, zawadi ya mwanawe. Alijaribu kunipigia na mikono yenye maji, kioo kikawa kinarukaruka, mara kinafungua picha, mara kinazima. Kitochi chake cha zamani alikuwa amempa mjukuu achezee. Mama na mtoto walipona, lakini tulipoteza karibu nusu saa, na kwa mama anayetoka damu nusu saa ni nyingi mno.

Usimlaumu bibi yule. Kioo cha tachi hutambua kidole kwa sababu mwili wetu hupitisha umeme kidogo. Maji nayo hupitisha umeme, basi kioo huchanganyikiwa. Hata ngozi iliyokauka na kuota sugu kwa jembe huweza isitambulike vizuri. Sisi tunaopara samaki na kuanika dagaa, tutapata wapi mikono laini na mikavu kila saa?

Batani haiulizi mkono ukoje. Ukiibonyeza unaisikia kidoleni. Papasa namba 5, utakuta kinundu kidogo. Kimewekwa ili hata asiyeona ajue alipo. Batani ya katikati nayo hukupandisha na kukushusha kwenye majina, moja moja. Nokia 1100 iliyotoka mwaka 2003, yenye batani na tochi yake, iliuzwa zaidi ya milioni 200 duniani.

Sisemi tuzitupe simu za tachi. Zina faida zake. Lakini kila nyumba iwe na kitochi kimoja chenye chaji. Unapokinunua, fumba macho ukiwa dukani uitafute 5. Kama batani zimebanana hata kidole kimoja kinabonyeza mbili, kiache. Ijaribu sana ile ya katikati, maana hutumika kuliko zote.

Simu nyingi za batani huweza kuwekewa jina la mtu kwenye tarakimu moja. Ukiibonyeza na kuishikilia, inampigia. Mweke mumeo, na jirani mwenye pikipiki. Tena wafundishe wote nyumbani namba 115, ya bure, ya usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga.

Bibi yule amerudishiwa kitochi chake, naye hulala nacho kando ya mto. Je, wewe mama, gizani, mikono ikiwa na maji, utaweza kumpigia nani? Jaribu usiku wa leo, kabla hujahitaji.